Sifuri za Mzee Brandvold

Lyle Brandvold alikuwa na kipaji ambacho Mungu huwapa watu wachache, na huwapa hao ili kuwatesa majirani zao: alijua kila kitu. Alijua kwa nini theluji ya mwaka ule ilichelewa kuyeyuka. Alijua mchungaji alikosea wapi katika mahubiri ya Jumapili, na fundi aliyejenga mnara wa maji wa mji alikosea wapi miaka ya nyuma. Kwa hiyo alipojiandikisha, mvi zikiwa zimemjaa kichwa kizima, katika Chuo cha Kaunti ya Tamarack kusomea teknolojia ya uhandisi wa mitambo, aliingia darasani kwa upole wa mtu aliyekuja kuwasaidia walimu.

Si kwamba alikwenda kwa kupenda elimu. Kiwanda alichokitumikia tangu ujana, ambacho hutengeneza giaboksi za mikanda ya kupakia nafaka, kilikuwa kimepata wakubwa wapya, na wakubwa wapya, kama ilivyo desturi yao popote duniani, walikuja na karatasi. Karatasi ilisema kwamba kuanzia sasa nyapara wa karakana sharti awe na stashahada. Nyapara wa zamani alikuwa anastaafu mwishoni mwa Mei. Lyle alikuwa amekingoja kiti kile kwa muda mrefu hata mkewe, Marlys, alidai kwamba kimekwisha kuchukua umbo la makalio yake.

Mwingine aliyekitaka ni mmoja tu, Curtis Plamondon, kijana wa kiwanda kilekile na darasa lilelile, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri kuliko vyuma vyake. Hesabu ilikuwa nyepesi. Wakifaulu wote wawili, kiti ni cha Lyle kwa ukongwe. Lyle akianguka somo hili la mwisho, kiti ni cha Curtis, na Lyle atamwita bosi kijana ambaye alimfundisha kushika tupa.

Somo la mwisho lilikuwa la usanifu, na mwalimu wake aliitwa Genevieve Achterberg, mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ila pale palipokuwa na haja. Kila mwanafunzi alitakiwa kubuni kitu kidogo chenye manufaa na kukichora. Hapo ndipo ulipokuwa mtego wa Tamarack. Chuo kile kilikuwa na desturi ya zamani iitwayo Jumamosi ya Bubu. Siku hiyo mchoro wako hupewa mtu usiyemjua, kutoka darasa la mafundi wa mashine, akitengeneze kitu chako kwa kuusoma mchoro tu. Wewe uliyechora husimama nyuma ya mstari wa njano uliopakwa sakafuni, mdomo umefungwa, toka saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Ukitamka neno moja la kumwelekeza fundi, umeanguka. Kitu chako kisipokamilika kama mchoro unavyosema, umeanguka vilevile.

Kwa watu wengine hiyo ilikuwa asubuhi ya kuchosha miguu. Kwa Lyle ilikuwa sawa na kumwambia jogoo asiwike.

Lyle alibuni kishikio cha fimbo ya kuvulia samaki kwenye ziwa lililoganda barafu. Ni kipande cha alumini kinachobanwa kwenye ukingo wa ndoo, chenye tundu la kupitishia fimbo, ili mvuvi aweze kukaa juu ya ndoo nyingine na kunywa bia kwa mikono yote miwili. Kitu cha maana kabisa. Hata kingechongwa kwa shoka kingeshika fimbo.

Lakini Lyle hakukichora kwa ajili ya shoka. Kila kipimo alikipa tarakimu nne baada ya nukta. Palipotosha inchi moja na nusu, aliandika 1.5000. Mwalimu Achterberg alipoupitia mchoro ule wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo, aliuweka mezani akavua miwani.

"Bwana Brandvold, hiki kitu kinakwenda kwenye ndoo au mwezini?"

"Kwenye ndoo, mwalimu. Ila kazi safi ni kazi safi."

"Sifuri za mwisho dukani hazina kazi. Kwenye mchoro ni amri. Ukiandika 1.50, unamwambia fundi awe mwangalifu. Ukiandika 1.5000, umemwambia kwamba akipotea kwa sehemu ndogo ya unene wa unywele, atupe kipande aanze upya. Soma kisanduku cha pembeni, kinachotaja kosa linaloruhusiwa kwa kila idadi ya tarakimu. Umekiweka mwenyewe."

"Mwalimu, kwa heshima zote," alisema Lyle, na darasa zima likajua kwamba heshima zenyewe zimekwisha. "Kiwandani kwetu tunaandika hivi tangu wewe unanyonya. Fundi akiona sifuri anajua zipi za kuheshimu na zipi za kuangalia tu. Asipojua, anakuja kuniuliza."

"Jumamosi hatakuja kukuuliza."

"Fundi wa kweli hatauliza."

Achterberg alivaa miwani yake. "Sawa," alisema. Neno lile mwalimu akilitamka hivyo, mwenye akili hurudi kwenye kiti chake na kufuta. Lyle alirudi kwenye kiti chake na kumweleza jirani yake faida za sifuri.

Ukweli ni kwamba hakuwa mjinga. Kiwandani kwao mambo yalikwenda hivyo kweli. Michoro ilijazwa sifuri kama chumvi kwenye mchuzi wa mpishi mlevi, kisha watu wakasemezana, wakakonyezana, wakaelewana, kazi ikatoka. Lyle aliishi maisha yake yote mahali ambapo mchoro ulisema hivi na mdomo ukasema vile, na mdomo ulikuwa wake.

Ijumaa jioni, kama Ijumaa zote, yeye na Marlys walikwenda kula samaki wa kukaanga katika ukumbi ulio karibu na kanisa. Marlys alikuwa mwuguzi wa meno, na kazi ile ilimzoesha kuzungumza na watu wasioweza kujibu.

"Kesho utanyamaza?" aliuliza, akijikamulia limau.

"Nitanyamaza."

"Saa tatu nzima?"

"Marlys, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana nauliza. Mtoto ningempa pipi." Alimtazama akitafuna. "Mwalimu alikuambia ufute zile sifuri."

"Mwalimu amesoma vitabu. Mimi nimesoma vyuma."

"Haya. Vyuma vikikuangusha, usije ukamwambia Curtis kwamba ni mimi niliyekusemesha." Akamsogezea saladi ya kabichi ambayo hakuitaka.

Jumamosi asubuhi theluji chafu ilikuwa bado imerundikwa kwenye pembe za maegesho. Ndani ya karakana ya chuo wachoraji walipangwa nyuma ya mstari wa njano kama watoto wanaongoja chanjo. Achterberg aligawa michoro kwa bahati nasibu. Wa Lyle ulimwangukia Dottie Kucera.

Lyle alipomwona aliwatazama mafundi wengine, akitamani bahati nasibu irudiwe. Dottie alikuwa bibi mnene, mwenye kofia ya sufu, aliyepika chakula katika shule ya msingi ya mji ule hadi alipostaafu. Nusu ya watu waliokuwamo karakanani walikuwa wamekula viazi vyake. Chuo hakiwatozi ada wazee, naye alikuwa amejiandikisha kwa mafundi wa mashine kwa sababu, alivyosema, amechoka kumwomba shemeji yake amtengenezee trekta ya kukatia majani.

Dottie aliutandika mchoro mezani, akaupiga pasi kwa kiganja, akausoma wote kutoka juu hadi chini, mpaka kile kisanduku cha pembeni ambacho kiwandani kwa kina Lyle hakuna aliyekisoma tangu kilipobuniwa. Kisha akainua kichwa.

"Nani mwenye kitu hiki?"

Lyle alinyanyua mkono bila kusema neno.

"Ahaa. Baba, wewe unataka samaki au unataka almasi?"

Watu walicheka. Lyle alitabasamu tabasamu la mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Dottie alipewa vipande vitatu vya alumini, mashine ya kuchongea iliyokuwa nzee karibu kama yeye, na maikromita ya kupimia unene. Alianza. Alichonga, akapima, akachonga kidogo, akapima, akazima mashine akangoja chuma kipoe kwa sababu chuma chenye joto hudanganya, akapima tena. Kila fundi mwingine mle ndani alikuwa amekwisha kutoboa matundu yake. Kitu cha Curtis, kifungulio cha chupa chenye vipimo viwili vitatu vya kawaida, kilikamilika mapema hata fundi wake akaenda kuvuta sigara. Curtis, ambaye sasa aliruhusiwa kutoka nyuma ya mstari, alirudi na donati, akasimama upande wa pili wa mstari, viatu vyake vikigusa ile rangi ya njano.

"Mzee, hali ya hewa huko ikoje?"

Lyle alimtazama.

"Usijibu, usijibu. Mimi nakutakia mema. Ila nilikuwa nawaza, kile kiti cha nyapara, unadhani kinapanda na kushuka, au nitahitaji mto?"

Lyle aliuma meno. Majibu kumi mazuri yalimjia, na yote kumi yakafia shingoni.

Dottie alipima kipande cha kwanza kwa mara ya mwisho. Inchi moja na nusu, na ziada ya sehemu moja ya elfu ya inchi. Alikitazama kwa huzuni kama mkate uliokataa kuumuka, akakitupa kwenye pipa la vyuma vibovu. Kilipogonga, Lyle alitoa sauti.

Haikuwa neno. Ilikuwa kikohozi, lakini kikohozi chenye maelezo. Alikohoa, akainua nyusi, akatikisa kichwa kuelekea pipa, akapeperusha vidole kana kwamba anafukuza nzi, maana yake: acha hizo sifuri, mama, hazina kazi, kila mtu anajua.

"Bwana Brandvold," alisema Achterberg bila kugeuka, "kikohozi nacho ni lugha. Mara ya pili nitakihesabu."

Dottie naye aliona. Alimwendea mwalimu na mchoro mkononi. "Mwalimu, yule baba ana kifafa au ananiambia kitu?"

"Mchoro unasema nini?"

"Unasema tarakimu nne."

"Basi ndivyo unavyosema."

"Mashine hii haina meno ya kazi hiyo."

"Jitahidi. Au ukatae mchoro, ni haki yako."

"Kukataa sitaki. Watoto wa shule walikataa chakula changu, najua inavyouma." Akarudi kwenye mashine, akafunga kipande cha pili.

Kipande cha pili kilitoka kidogo kuliko kinavyotakiwa, kwa unene ambao jicho la mwanadamu halikuumbiwa kuuona. Nacho kikaenda pipani. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa tano. Dottie alijifuta jasho kwa kofia, akasema kwa sauti, si kwa mtu yeyote hasa, "Nimewapikia watoto mia tatu kila siku, sijawahi kumpata mmoja anayetaka kiazi chake kipimwe kwa unywele."

Hapo Lyle akaanza kuelewa, polepole, kama maji yanavyopenya kwenye kiatu. Bibi yule hakuwa mbishi, wala hakuwa mbumbumbu. Alikuwa anamtii. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumtii Lyle Brandvold kwa ukamilifu kiasi kile, na utiifu ule ulikuwa unamwua.

Kulikuwa na njia moja ya kutokea, na kila mwanafunzi aliijua. Mchoraji aliruhusiwa kufanya badiliko moja. Huitwa kwenye meza ya mwalimu, hurekebisha mchoro kwa kalamu, huandika sababu kwenye kisanduku cha mabadiliko, hutia saini, kisha huisoma sababu hiyo kwa sauti mbele ya madarasa yote mawili. Alama hushuka daraja moja, jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba mchoro wenye badiliko hutundikwa ukutani katika ukumbi wa kuingilia, nyuma ya kioo, hadi masika yajayo. Kwa miaka miwili Lyle alikuwa amesimama mbele ya kioo kile na kuwaeleza wenzake ujinga wa watu waliotundikwa mle.

Dottie akafunga kipande cha tatu, cha mwisho. Curtis alilamba sukari kwenye kidole.

Lyle alinyanyua mkono.

Mashine zikazimwa, moja baada ya nyingine. Alitembea hadi mezani, akachukua kalamu, akakata sifuri zake moja moja mpaka kila namba ikabaki na tarakimu mbili baada ya nukta. Kisha akaandika sababu kwa mwandiko wake mzuri na kumpa mwalimu.

Achterberg alisoma. "'Kwa sababu ya uwezo mdogo wa mashine za chuo.' Hapana. Mashine hazikuchora. Sababu iwe ya kweli, la sivyo siipigi muhuri."

Lyle alikata, akaandika tena.

"'Kwa kuzingatia uzoefu mdogo wa upande wa utengenezaji.'"

"Upande wa utengenezaji unakusikia, baba," alisema Dottie kutoka kwenye mashine yake. "Na saa nayo inakwenda."

Ilikuwa inakwenda kweli. Lyle aliishika kalamu na asiandike kitu. Alitaka sana kueleza. Alikuwa na maelezo ya kiwanda, ya desturi, ya jinsi watu wazima wanavyoelewana bila kuandikiana kila jambo, na maelezo yote yalikuwa sahihi, na hakuna hata moja lililojibu swali. Swali lilikuwa: kwa nini kishikio cha ndoo kilikuwa na sifuri zile? Jibu alilijua. Alilijua tangu siku aliyokuwa akiziandika, kila moja ikimpa raha kidogo.

Mficha uchi hazai. Aliandika mara ya tatu, mistari mifupi, mwandiko ukiwa mbaya. Achterberg alisoma, akapiga muhuri, akamrudishia. "Kwa sauti."

Lyle aligeuka kuwakabili.

"'Badiliko A,'" alisoma. "'Sifuri zimeondolewa. Hazikuwa na kazi. Mchoraji alizitia ili aonekane anajua.'"

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Curtis peke yake alipiga makofi matatu, akaona yuko peke yake, akarudi kwenye donati yake.

Dottie alikuja akachukua mchoro, akakisoma tena kile kisanduku cha pembeni kuanzia mwanzo, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Kisha, badala ya kurudi kwenye mashine, akaliendea pipa la vyuma vibovu, akainama mpaka kofia ikamwanguka, na kufukua. Alitoka na kipande cha kwanza.

"Huyu sasa ni mzima," alisema, akikiinua juu. "Amefufuka. Hakuguswa na mtu, ila kalamu."

Kwa kipimo kipya kipande kile, kilichotupwa kwa kosa la sehemu moja ya elfu ya inchi, kilikuwa safi kabisa, tena na nafasi ya kupotea mara kumi zaidi. Kilibaki kutobolewa tu. Dottie alikibana kwenye jiliwa, akashusha keekee mara moja, mara mbili, akapiga tupa kwenye kingo, akakipeleka kwa mwalimu dakika chache kabla ya saa sita. Achterberg alipima kila mahali, akitia alama kwenye karatasi. Lyle alirudi nyuma ya mstari na kutazama. Kutoka mbali aliona kwamba tundu la fimbo limelala upande kidogo.

"Kimepita," alisema Achterberg. "Daraja C. Jumamosi imekwisha, mnaweza kusema."

Lyle alivuka mstari. Alikichukua kishikio, akakigeuza kwenye mwanga. Maneno ya kwanza kumtoka baada ya asubuhi nzima yalikuwa haya:

"Tundu limepinda."

"Limepinda kwa ruhusa yako," alisema Dottie. "Saini hiyo hapo."

Lyle aliitazama saini yake. Halafu akamuuliza kama angependa kahawa, naye akasema ndiyo, na donati pia, kama yule mwenye ndevu amebakiza.

Mwezi wa Juni nyapara mpya wa karakana aliingia kazini, naye aliitwa Lyle Brandvold. Kiti, kwa taarifa ya Marlys, hakikuwa na umbo lake hata kidogo. Kilimpa maumivu ya kiuno. Wiki ya pili kiwanda kiliajiri vijana wawili waliotoka moja kwa moja Tamarack, wakaletwa ofisini kwake kumsalimia. Mmoja, msichana mwembamba mwenye michoro yake chini ya kwapa, alilitazama jina lililokuwa mlangoni, akamtazama mwenye jina, akamgusa mwenzake kwa kiwiko.

"Samahani, bosi," alisema. "Ni wewe yule wa ukumbini? Wa kwenye kioo?"

Curtis, aliyekuwa akinoa keekee kwenye mashine iliyo karibu na mlango, aliisimamisha ili asikose neno.

Lyle aliegemea nyuma, kiuno kikamwuma, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Mimi ndiye," alisema. "Haya, lete mchoro wako tuone sifuri zako ni ngapi."